Namba Tisa Nilizomsomea Mgeni

Jumanne, 4 Machi

Imegoma tena kwenye asilimia sitini na mbili. Mara ya nne tangu asubuhi. Mstari wa kijani unakwenda vizuri, unasimama, kisha yanatokea maandishi yale yale: usakinishaji haukukamilika. Nimezima. Nimewasha. Nimejaribu tena. Miguu imevimba, nimeinyanyua juu ya kigoda.

Naomi, mke wa mwanangu, anasema niiache kompyuta nipumzike. Hajui uzito wa kilichomo. Humo mna sauti za wazee kumi na wawili wakieleza ndiva zetu, yale mabwawa ya kukinga maji ya mifereji: nani alichimba ipi, maji yaligawanywaje, zamu ya ukoo upi ilikuwa siku gani. Miaka kumi na moja ya kupanda na kushuka milima hii, Suji, Mhezi, mpaka kule ambako pikipiki haifiki. Tisa kati ya wazee hao wameshakufa. Programu ya zamani ya kuzuia virusi imeisha muda wake. Binti yangu wa Dodoma amenilipia mpya. Mpya haitaki kuingia.

Mchana nimempigia Namsifu. Ana duka la kutengeneza kompyuta na simu Same mjini. Ni binti wa hapa kijijini. Alikuwa darasa la tatu mwaka niliostaafu ualimu. Kila Ijumaa hupanda kuja nyumbani, na Sabato hufundisha watoto kanisani. Akaniambia nifungue programu ya kumwezesha kuingia akiwa huko huko, nimsomee namba tisa zilizotokea. Nikamsomea. Kishale kikaanza kutembea chenyewe. Nilihisi kama mtu amevaa koti langu nami bado nimo ndani yake. Sikupenda.

"Mwalimu, mbona umeshika kipanya? Niachie, tutagombana."

Nikaachia.

Amekuta mabaki ya programu ya zamani, akayafuta. Kisha amekuta kosa lenyewe. Betri ndogo iliyo ndani ya mashine, kama kifungo cha shati, imekufa. Ndiyo inayotunza tarehe. Kila ninapozima na kuwasha, kompyuta inadhani ni mwaka wa zamani, na programu mpya inakataa kufanya kazi na mashine isiyojua leo ni lini. Anaweza kurekebisha tarehe, lakini programu inataka mashine izimwe kabla ya kumaliza, na ikizimwa tarehe inarudi nyuma. Atakuja na betri.

Akataka kwanza anakili sauti zote mahali pengine. Nikakataa. Nilisema zitasambaa, watu watazikatakata, mwingine ataweka jina lake. Akaomba basi walau ya bibi yake, marehemu Bibi Nakiete, ambaye nilimrekodi siku mbili nzima. Hii ni mara ya tatu anaiomba. Nikamwambia asubiri nimalize kitabu changu cha ndiva.

Kabla ya kutoka kwenye mashine alinionya. Nisiwashe mtandao mpaka aje. Na mtu yeyote akitaka nimfungulie mashine, nikate simu, hata akisema ametumwa na yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu jana. Barabara imekatika chini ya Suji. Namsifu amepiga: kesho hatapanda, atakaa Sabato hukohuko mjini chumbani kwake. Betri ataileta Jumapili au Jumatatu njia ikifunguliwa.

Siku nne. Nina hasira na betri.

Elinihaki amepita. Tulisoma pamoja, sasa ni mzee wa kanisa. Akanikuta nimekaa mbele ya mashine iliyozimwa. "Umeoa tena, Mwalimu? Huyu naye hapiki." Nimecheka mpaka kifua kikabana.

Usingizi haba. Pumzi inakuwa fupi nikilala chali.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haraka, jua linaelekea kuzama.

Imewezekana. Saa kumi na moja niliona nijaribu mara moja tu kabla ya Sabato. Nikaweka tarehe kwa mkono, nikawasha mtandao. Ghafla kioo chote kikajaa onyo, na king'ora: kompyuta yako iko hatarini, mafaili yako yataharibiwa, usizime, piga namba hii. Nikampigia Namsifu. Simu imezimwa. Huwa anaizima mapema kila Ijumaa ya maandalio, sisi wote ndivyo tunavyofanya. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye kioo.

Akapokea kijana mwenye adabu. Shikamoo mzee wangu. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia. Akasema mama yake ni wa Mhezi, na akaniamkia kwa Chasu, lugha yetu Wapare. Chasu safi. Hapo nilitulia kabisa. Akataka nifungue ile programu ya kuingilia, ipo tayari, Namsifu aliiacha. Nikamsomea namba tisa.

Amefanya kazi nusu saa. Amesema iliyobaki itajimalizia yenyewe, nisiizime wala kuigusa. Nikamwambia asiwe na shaka, Sabato inaingia, sitaigusa mpaka kesho jua likizama.

"Vizuri sana mzee wangu. Mungu akubariki."

Nimevunja agizo la Namsifu. Lakini alikuwa hapatikani. Naomi anaita, tufungue Sabato.

Jumamosi, 8 Machi, jioni

Tumefunga Sabato. Nimefungua mlango wa chumba cha kazi.

Kioo chekundu. Maandishi meupe. Mafaili yote yamefungwa, nilipe ili yafunguliwe. Nimebonyeza sauti ya kwanza, ya pili, ya kumi na mbili. Hakuna hata moja inayofunguka. Namba ya yule kijana haipatikani.

Mchana kutwa nilisikia feni ya mashine ikivuma nyuma ya mlango. Nilifurahi. Nilidhani inapona.

Jumapili, 9 Machi

Nimesema uongo.

Elinihaki alikuja asubuhi, akaona kioo. Sauti ya baba yake ilikuwa humo. Kisha akauliza nani aliingia kwenye mashine hii. Nikasema Namsifu. Hilo lilikuwa kweli. Aliingia, Jumanne.

Akauliza lini.

Nikasema Ijumaa.

"Ijumaa saa ngapi?"

Nikasema jioni, jua likizama, na kazi iliendelea mpaka Sabato. Yalitoka mdomoni mwangu kwa utulivu kama ninasoma mahudhurio.

Kwa nini? Najua kwa nini. Miaka thelathini na minne nilisimama mbele ya darasa nikisema: soma swali lote kabla ya kujibu. Mwezi uliopita tu nilisimama kanisani nikiwaonya wazee wenzangu juu ya matapeli wa simu. Walinipigia makofi. Sikuweza kusema mbele ya Elinihaki kwamba mimi, mwenyewe, nilimsomea mwizi namba moja moja, polepole, ili asikosee kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Namsifu amefika na betri. Kwa miguu kutoka barabara ilipokatika, matope mpaka magotini. Hakuwa amesikia lolote. Aliona kioo, akaketi, akafungua mahali ambapo mimi sijui, akasoma.

Akasema kuna mtu ameingia baada yake. Akaniangalia. Hakuuliza. Alingoja nimwambie.

Nikasema sijui.

Alisema pia kwamba kumbukumbu za mashine hazina maana, maana tarehe zimerukaruka na yeyote angeweza kuziweka kwa mkono. Betri ilikuwa imekufa. Hakuna anayeweza kuonyesha nani aliingia siku gani. Alisema kwa huzuni, akidhani tumepoteza njia ya kumsaka mwizi. Mimi nilipumua kwa nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nafuu.

Kisha akauliza kuhusu sauti ya bibi yake. Nikatikisa kichwa. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaweka betri mezani, akaondoka bila kuipachika.

Alhamisi, 13 Machi

Habari imeshafika kila mahali. Kwamba Namsifu aliwasha mashine ya Mwalimu siku takatifu, na Mungu akaiunguza. Naomi ameisikia kisimani. Ameniuliza, "Baba, ni kweli?" Nimemwambia nina maumivu, aniache.

Jumapili, 16 Machi

Baraza la kanisa limekaa. Sikwenda, miguu. Walimtuma Elinihaki na karatasi: nithibitishe kwa maandishi. Naye hakuwa na furaha. Alisema Namsifu amekana, amesema Ijumaa alikuwa chumbani kwake, simu amezima. Peke yake. Hana shahidi. Amewaomba jambo moja tu: kwamba mimi niulizwe.

Niliulizwa. Nikaandika mistari mitatu, mwandiko wangu ule ule wa ubaoni ambao nusu ya wajumbe walijifunzia. Nikatia sahihi.

Wamemwondoa katika kufundisha watoto. Wamesema mpaka atubu.

Atubu nini?

Jumatano, 19 Machi

Naomi anasema Namsifu alipita njiani jana, akaulizia afya yangu. Aliulizia afya yangu.

Anasema pia kwamba shule mbili zilizokuwa zikimpelekea kompyuta zimepeleka kwingine. Mtu anayeingia mashine za watu kwa siri. Ndivyo wanavyosema sasa. Mimi sikusema hivyo. Lakini kila mtu ameongeza kidogo juu ya nilichosema.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeshushwa Same kwa daktari. Saa tatu njiani. Moyo umechoka, amesema, na figo zinaufuata. Nilimwomba aseme kama anavyosema kwa mtu aliyesoma. Akasema. Si miezi, ni wiki.

Nilitaka tupite dukani kwa Namsifu. Nikamwambia dereva. Tulipofika nikamwambia asisimame. Nilimwona kupitia kioo, ameinamia simu ya mtu, miwani imeteleza puani. Alikuwa peke yake dukani. Duka lile halijawahi kuwa na mtu mmoja.

Jumapili, 23 Machi

Najaribu kuwa mkweli humu angalau.

Sauti zimepotea kwa sababu nilizibana. Angenakili Jumanne ile, mwizi angefunga nakala moja tu. Nilizifanya mali yangu. Wale wazee hawakunipa mimi. Walizungumza mbele ya kinasa sauti wakijua wajukuu watasikia. Bibi Nakiete alisema waziwazi: haya ni ya watoto. Nami nilimwambia mjukuu wake asubiri kitabu. Kitabu chenyewe kina sura mbili na nusu.

Hilo ni kosa la uchoyo na linaumiza. Lakini ningeweza kufa nalo. La pili siwezi. Sauti za wafu zimepotea, basi. Jina la mtu aliye hai nimelitupa ili langu libaki safi, na nimelitupa kwa kutumia Sabato, nikijua watu wetu hawatauliza zaidi wakisikia neno hilo.

Na yule aliyeitunza Sabato Ijumaa ile ni yeye. Ndiyo maana simu yake ilizimwa. Mimi ndiye niliyeacha mashine ifanye kazi ya mwizi saa ishirini na nne, nikaimba nyimbo chumba cha pili.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia Naomi. Wa kwanza. Alikuwa ananipa uji. Akaweka bakuli chini.

"Baba, yule dada alitembea kwenye matope kukuletea betri."

Najua.

"Basi mimi sina neno." Akatoka. Amerudi baada ya saa nzima, hakuniangalia, akanibadilishia shuka.

Alhamisi, 27 Machi

Nilimwita Elinihaki nikamwambia yote. Alikasirika kuliko nilivyotegemea. Alisema amekwenda nyumba kwa nyumba kunitetea. Kisha hasira ikapoa, akaanza kutafuta njia. Akasema aipeleke habari hii kwa baraza kimyakimya. Wamrudishe Namsifu, wasitaje sababu, watu wasahau. Mimi ni mgonjwa. Kuna mazishi yanakuja, alitaka kusema, akameza. Watu watasema nini juu ya jeneza la Mwalimu?

Nusura nikubali. Niliona jinsi ingekuwa rahisi. Nikamwambia hapana, uongo niliousema ulienda kanisa zima, na ukweli uende umbali huo huo.

"Utaanguka pale mbele."

"Utanishika."

"Nitakushika na kukulaani, vyote viwili."

Huyo ndiye Elinihaki.

Jumamosi, 29 Machi, jioni

Walinibeba kwa kiti. Vijana wanne. Naomi alitembea pembeni na chupa ya maji. Sikuwa na hofu ya kufa njiani, nilikuwa na hofu ya kufika.

Namsifu alikuwepo, kiti cha nyuma, karibu na mlango. Elinihaki alimtumia ujumbe aje. Watoto aliokuwa akiwafundisha walikuwa wamekaa mbele na mwalimu mpya.

Nilitaka kusimama. Sikuweza. Nikasema nimekaa. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, maneno mazuri, nikaukunja. Nikasema: Namsifu hakuingia kwenye kompyuta yangu Ijumaa. Aliingia mtu mwingine, niliyempigia simu mwenyewe, nikamsomea namba mwenyewe, baada ya Namsifu kunikataza. Nikaona haya. Nikamsingizia. Karatasi niliyoandikia baraza ni ya uongo na sahihi ni yangu.

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, babu amefanya nini?" Mama yake akamziba mdomo. Ningependa angejibiwa.

Nikataka kumwomba radhi nikimtazama usoni. Macho hayafiki mbali siku hizi. Nikasema kuelekea mlangoni, bila kujua kama bado yupo.

Baraza lilikaa palepale baada ya ibada. Wamefuta uamuzi wao. Wametangaza. Walimwita mbele wamrudishie darasa. Alikuja, akawashukuru, akasema hatalichukua. Kwa sasa anasali na watu wa Same mjini. Alisema kwa upole.

Kaka mmoja wa marehemu mke wangu alipita karibu na kiti changu akageuza uso. Sawa.

Nimechoka sana. Sijisikii mwepesi kama watu wanavyosema mtu hujisikia. Ninajisikia kama mtu aliyechelewa.

Jumapili, 30 Machi

Namsifu amekuja.

Sikumtarajia. Nilisikia sauti yake uani. Alikaa na Naomi, wakachambua maharage, karibu saa nzima. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya tangawizi, juu ya mtoto wa nani aliyejifungua mapacha. Nilikuwa nimelala nasikiliza kupitia dirisha. Hawakunitaja.

Kisha akaingia. Akaniamkia, nikaitikia. Akakaa kwenye kigoda. Hakuigusa kompyuta, iko pale mezani imefunikwa kitambaa. Nilianza kusema niliyopanga kusema, akainua mkono kidogo.

Akasema amenisamehe. Alisema mapema, kama mtu anayelipita jambo hilo ili afike kwenye lingine. Kisha akauliza.

"Mwalimu, kama daktari angekuambia utapona. Ungesema?"

Nilitazama dari. Bati lina kutu pembeni, sikuwahi kuiona. Nilitafuta jibu la kumpa. Nilijua jibu analostahili. Lingekuwa neno moja, fupi, na angeondoka nalo akiwa na amani.

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

Akatikisa kichwa taratibu. Si kwa hasira. Akasema ndivyo alivyodhani. Akanisogezea blanketi miguuni, akaaga. Gari la kushuka lilikuwa linangoja abiria wawili tu lijae.

Nililisikia likiteremka. Honi kwenye kona ya kwanza, honi kwenye kona ya pili. Naomi ameingia, ameniuliza kama ninataka dirisha lifungwe. Nimemwambia aliache wazi.